Mama Munganga wa Chumba cha Iodini

Kwetu Kolwezi, munganga ni daktari wa hospitali, siyo mtu wa mizizi na hirizi. Jina lake la ubatizo lilikuwa limeandikwa mlangoni, lakini sikumbuki kumsikia mgonjwa hata mmoja akilitaja. Alikuwa Mama Munganga tu. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, mimi muuguzi wake, katika chumba cha mwisho cha hospitali ya kampuni ya migodi, na hadi leo nikisikia viatu vya kisigino kwenye saruji, mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Alivaa visigino kila siku ya Mungu, hata miguu ilipovimba. Siku moja nilimuuliza sababu, nikidhani ni maringo. Maringo yalikuwepo, sikatai. Lakini alinijibu: "Mugonjwa asikie ninakuja. Kama alikuwa analia, atajipanguza macho. Mupatie mutu nafasi ya kujitengeneza kabla haujamuingilia."

Alikuwa na sauti kubwa, kubwa kupita mwili wake, na hasira za karibu. Angeweza kumfokea mfagiaji asubuhi kwa ajili ya ndoo iliyowekwa mahali pabaya, halafu mchana umkute amekaa naye ngazini, wanakula karanga kutoka kiganja kimoja. Kuomba samahani kwa maneno hakukujua. Alileta chakula. Sisi wa chumba kile tulipoona ameingia na kifurushi tulianza kuulizana nani ametukanwa.

Niseme kazi yetu, maana watu wengi walipita nje ya mlango ule wakijipiga ishara ya msalaba. Tulipima watu wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Dawa ilikuja kwa ndege ndani ya kopo la risasi, yaani ile metali nzito, siyo ya bunduki. Kopo lenyewe lilikuwa dogo kama birika, lakini mwanaume mzima alilibeba akihema. Ndani mlikuwa na iodini yenye miale. Mgonjwa alikunywa kidogo, maji tu, hayana harufu wala ladha, akaenda zake. Kesho yake alirudi kulala chini ya mashine. Mashine ilikwenda na kurudi juu ya shingo polepole kama mtu anayepiga pasi, ta, ta, ta, na kila mwale uliotoka shingoni uliacha nukta kwenye karatasi. Nukta zikajazana, na mbele ya macho yetu likatokea umbo la kipepeo. Hiyo ndiyo tezi. Nimeiona picha ile ikijichora mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na sikuwahi kuizoea. Mtu amelala kimya, hajakatwa, hajachomwa, na shingo yake inajieleza yenyewe.

Yeye pia hakuizoea. Aliinama juu ya karatasi na kunong'ona, "Aa, Nzambi," akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Yeye aliyekuwa na shahada kutoka Ulaya. Halafu alijikohoza na kuanza kufoka tena.

Lakini mashine, alisema, ilikuwa sehemu rahisi. Iodini ile haizimwi kwa swichi mgonjwa anapoinuka. Hubaki ndani yake siku kadhaa ikipungua, inatoka kwa mkojo, kwa jasho, kwa mate, na kwa mama anayenyonyesha, kwa maziwa. "Huyu hapa mi namujua," alisema akimwonyesha mgonjwa, kisha akainua kidole kuelekea mtaani, kwa waliobaki nyumbani. "Mi naogopea bale beko ku nyumba. Hawakuomba kupimwa, na batoto shingo yao ni ndogo."

Basi kila mgonjwa alipewa somo, na somo lilianza na mbabula, jiko letu la makaa. "Mama, mbabula inakuchukia?" Hapana, Mama Munganga. "Inakupenda?" Hapana. "Inawaka tu. Sasa wewe unafanya namna gani?" Mgonjwa alijibu mwenyewe: hukai karibu sana, hukai muda mrefu, na kama kuna mtoto unaweka kitu katikati. "Njo vile. Siku hizi mbabula ni wewe. Sio mubaya, sio muchawi. Unawaka tu, na utazima."

Halafu alitoa kile kifaa cha kulia, kisanduku chenye mpini kinachotoa mlio mahali penye miale. Alikisogeza shingoni mwa mgonjwa, kikalia kama mvua juu ya bati. Akarudi nyuma hatua moja. Mvua ikapungua. Akarudi tena hadi ukutani. Tone, tone. Nimeona wanaume wa mgodini, watu waliozoea baruti, wakifungua midomo. Mmoja aliomba arudie, akarudia, tena akirudi nyuma kwa madaha kama anayecheza ngoma. "Umesikia? Ni miguu yako tu imekinga mutoto wako. Miguu haiuzwe ku farmasi."

Mjini walisema chumba kile kinakausha matumbo ya wanawake. Yeye alicheka. Alikuwa na watoto wengi, na wa mwisho walikuwa mapacha. Ila hakucheza na jambo lile. Kila alipopata mimba alitoka chumbani siku hiyohiyo na kuongoza kazi kutoka nje, kupitia kidirisha cha ukutani, tumbo likikua mbele yetu na sauti ikikua nalo. Alipojifungua mapacha hakurudi ndani. Alisema atarudi wakiacha ziwa. Kwa hiyo mwaka ninaotaka kuusimulia ulimkuta kidirishani, blauzi ina madoa ya maziwa, akinifokea kwamba sikumwambia mgonjwa anywe maji ya kutosha.

Na mtu huyu, aliyeishi jirani na moto usioonekana bila kupepesa, aliogopa radi kama mtoto. Mawingu ya Novemba yakijikusanya juu ya machimbo, alivua hereni, alifunika vioo vya ofisi kwa shuka, na kukaa pembeni miguu juu ya kiti. Nilimwambia, Mama, wewe unajua radi ni nini. "Ninajua," alisema. "Bado haijanijua mi." Hapo hapo ngurumo ikapiga, akaniita kwa jina la mama yake.

Siku za Jumapili aliimba katika kanisa la Wamethodisti, vibaya, nusu hatua nyuma ya wenzake, na hakuna aliyethubutu kumsogeza kutoka mstari wa mbele. Alikuwa Mlunda wa upande wa Musumba, "mtoto wa nchi", kama walivyoanza kusema watu mwaka ule. Kabla ya hapo sikuwahi kufikiria yeye ni wa wapi.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndio wa kufukuzana. Familia za Kasai, ambazo mababu zao waliletwa kufanya kazi ya migodi na ya reli, ziliambiwa zirudi kwao, na wengi hata hiyo kwao hawakuwahi kuiona. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Waliwaita watu wale bilulu, wadudu. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi hawakusalimiana. Watu walilala stesheni kwa majuma wakingoja treni, juu ya magodoro na cherehani na masufuria, mvua ikiwanyeshea. Mimi ni wa familia ya Waislamu wa Maniema, wachuuzi na wasafirishaji. Hakuna aliyetugusa, ila baba alituambia tusitoke. Nilitoka. Wenzangu watatu wa hospitali walikuwa pale stesheni, na nilikuwa nawapelekea mikate.

Juma lilelile ambalo vurugu zilianza, ndege ilikuwa imeleta iodini baada ya kukawia sana. Dawa ile haiwekwi, inaisha nguvu yenyewe, kwa hiyo tuliwaita wagonjwa haraka. Mmoja alikuwa mshonaji, mama kijana wa mtaa wetu, Mkasai, mwenye uvimbe uliomzuia kumeza. Alikuwa na mtoto wa miezi michache. Mama Munganga alimuuliza kupitia kidirisha, na hakumficha: ukinywa hii, mtoto huyu hatarudi tena kwenye ziwa lako, hata tone. Mshonaji alikuwa amejipanga. Mama yake mzazi angemlea mtoto kwa maziwa ya kopo, yeye angejifunga kifua kwa kitambaa na kulala chumba kingine. Akanywa. Kesho yake tukampiga picha, na picha ilionyesha kwamba uvimbe ungeweza kukatwa na akapona. Alicheka kwa furaha. Siku iliyofuata nyumba yao ilivunjwa.

Nilimkuta stesheni nikiwa na mikate yangu. Amekaa juu ya fuko la nguo. Bibi wa mtoto ameshikilia kopo tupu. Maziwa waliyokuwa nayo yalichukuliwa njiani pamoja na cherehani. Mtoto alikuwa ameshalia hadi sauti imekwisha, anafungua mdomo tu. Na mshonaji alikuwa amefungua kile kitambaa cha kifuani, ziwa mkononi, analitazama.

"Dada," akaniambia, "Mama Munganga alisema hata tone. Lakini atakufa na njaa, mi naangalia."

Nilimwambia aningoje, angoje tu, na nikakimbia. Sijui nilivukaje mji. Nilimkuta Mama Munganga nyumbani kwake, mapacha wamelala mgongoni mwa yaya. Nilimweleza. Alikaa chini, akavaa viatu. Mume wake alisimama mlangoni na kumwambia kwa upole, "Ukienda ku gare ya treni leo, kesho banatuandika na sisi ku liste yao." Akamjibu, "Mi njo nilimunywesha." Akachukua kile kisanduku cha kulia, akatoka.

Lango la stesheni lilikuwa na vijana wenye fimbo na vitambaa kichwani. Mmoja, mwenye kofia, alimzuia. "Mama, kule ni kwa bilulu. Wewe ni wetu."

"Toa kofia," alisema Mama Munganga.

"Namna gani?"

"Unasema na mama yako, kofia ku kichwa. Toa."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, kofia ilikuwa mkononi mwa kijana na sisi tulikuwa tumepita.

Kosa lake lilifuata hapo, na ninalisimulia kwa sababu watu wanaomsifu hulisahau. Maneno yalikuwa yameenea kwamba mshonaji amenyweshwa kitu hospitali, kwamba amechafuka, na mtoto pia. Akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wamejitenga naye, na wachache walitaka asipande behewa lao. Mama Munganga aliamini kisanduku chake. Alikisogeza kwa mtoto, kikatoa tone moja moja tu, kama pahali popote. "Munaona? Mutoto iko muzima!" Halafu, ili waone tofauti, akakisogeza kwa shingo ya mama. Kikalia. Pale hospitalini mlio ule ulifundisha. Pale stesheni, kwa watu ambao walikuwa wamesikia madirisha yao yakivunjwa, ulikuwa kitu kingine. Mtu akapiga kelele, "Bomu!" Watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Mwanaume mmoja akaokota jiwe. Mshonaji alijifunika uso kwa kanga na kuanza kusema, "Nitabaki, nitabaki, muende na mutoto."

Nilimwona Mama Munganga akiogopa. Mara moja ile tu, bila radi. Akazima kisanduku, akanipa nikishike. Akaenda akamshika mshonaji mkono, kiganja kwa kiganja, mbele ya mwenye jiwe na mbele ya wote, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akamwachia, akanawa kwa maji ya chupa, akamchukua mtoto kutoka kwa bibi. Alitembea naye hatua kadhaa mbali, akakaa chini kwenye kokoto za reli, yeye na gauni lake la kazini. Akafungua vifungo. Akampa mtoto ziwa.

Mwenye jiwe alishusha mkono. Kule langoni vijana walikuwa wamepanda ukuta kuangalia. Mtoto alishindwa kwanza, hakuwa na nguvu, kisha akashika, na tukasikia akimeza.

"Mi niko na mapasa ku nyumba," alisema, sauti ya chini ambayo sikuijua. "Banangojea hii maziwa. Munafikiri mi naweza kuleta ubaya ku mudomo wao? Mutoto hana kitu. Mama yake iko na moto kidogo, itazima. Mukubwa akikaa naye haina mubaya. Batoto na bamama ba mimba, muache nafasi kidogo. Na huyu mutoto asipate ziwa ya mama yake. Basi. Njo hiyo tu. Sasa mi siendi Kasai. Nani iko na maziwa ya njiani?"

Palikuwa na mwanamke mmoja, mke wa fundi wa reli, mwenye mtoto wake mgongoni. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitenga asubuhi ile. Alimtazama mtoto akimeza. Halafu akafungua mbeleko, akampa mwanawe kwa mtu mwingine, akaja akakaa kwenye kokoto ubavuni mwa Mama Munganga.

"Leta, mama. Umenyonyesha ya kutosha. Acha mapasa bako bakute kitu."

Akabadilisha mtoto kutoka kifua hadi kifua bila kumwacha alie.

Mama Munganga hakuondoka hadi alipopanga behewa zima. Mshonaji pembeni, karibu na mlango, bibi wa mtoto katikati kama ukuta, wazee wa kiume mbele, watoto na wajawazito upande wa pili. Anywe maji mengi kila atakapoyapata. Akijisaidia, iwe mbali na visima, afukie. Kikombe chake kiwe chake. Alimwita mmoja mmoja arudie alichosema, kama shuleni, na watu waliokuwa wamepoteza nyumba zao walirudia. Mwenye jiwe alikuwa sasa anapanga mizigo. Kwa mshonaji alisema neno ambalo nililisikia kwa kuwa nilikuwa karibu: "Nilikuambia ujitenge na mutoto wako sababu unamupenda. Bale banakufukuza ni kitu ingine. Usichanganye."

Treni ilipoondoka alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi.

Baada ya miezi dereva wa treni alileta salamu. Mtoto alifika Mwene-Ditu, kule Kasai, akiwa hai, na mke wa fundi wa reli alikuwa bado anamnyonyesha. Wengi wa treni zile hawakufika. Mwenzangu mmoja wa hospitali hakufika. Uvimbe wa mshonaji sijui kama ulikatwa. Mama Munganga aliuliza kila dereva, na hakupata jibu, na kwa sababu hiyo hakupenda asifiwe kwa habari ya siku ile. "Nilianza kazi, haikuisha," alisema.

Kwake hapakuwa na amani. Walitupa mawe dirishani. Ukutani waliandika kwa makaa kwamba yeye ni mama wa bilulu. Alitazama maandishi, akamwita mwanawe mkubwa na kumwonyesha herufi iliyokosewa. Hakuyafuta. Mvua ndiyo iliyofuta. Kampuni nayo ilikuwa inakufa mbele yetu, mishahara haiji, mashine za mgodini zinauzwa vipande, na ndege ya iodini ikaacha kuja. Wengine waliondoka na vitanda vya hospitali. Yeye alifunga makopo yaliyobaki nyuma ya matofali ya risasi na kukaa na ufunguo shingoni mpaka kisanduku kilipolia tone moja moja tu mbele yake. Alijua risasi ile ingeibwa siku moja, ikayeyushwe. Alitaka tu, itakapoibwa, isimdhuru mwizi.

Tulipotezana. Watu wa mtaa wa Kasulo walianza kuchimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala, mji ukawa mwingine. Mimi nikazeeka nikiwachoma sindano watoto wa wachimbaji. Nilisikia yuko Kasaji, mji mdogo magharibi mwa Kolwezi, anatibu watu kwenye zahanati ya kanisa na kuwafokea.

Mwaka juzi mwanawe alinipigia simu kutoka Zambia. Mama ni mgonjwa, ana maumivu ya mifupa, watampiga picha kwenye hospitali kubwa, na amekataa kwenda na mtu mwingine ila mimi. Nilipanda basi. Nilimkuta amekuwa mdogo sana, amevaa raba za mjukuu.

Kijana wa kike aliyemdunga sindano ya dawa yenye miale alimweleza kwa Kibemba, taratibu, kama unavyomweleza bibi wa shamba: anywe maji mengi, leo asipakate watoto, mpaka kesho. Nilingoja amkatize. Hakumkatiza. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akasema, "Umesema vizuri, mwanangu," na yule binti hakujua ni nani aliyemsifu.

Mashine yao haipigi pasi kama yetu. Ilipita juu yake kimya, na kwenye kioo mifupa yake yote ikatokea, mbavu, uti wa mgongo, vidole, kama mji unaoonekana usiku kutoka mlimani. Aliomba aione. Palikuwa na sehemu zinazong'aa kupita nyingine, nyongani, begani, kwenye mbavu. Sote wawili tulijua maana yake: saratani ilikuwa imefika mifupani. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Aa, Nzambi," alisema. "Angalia vile ni muzuri."

Jioni jua lilikuwa bado juu nyumbani kwa mwanawe. Wajukuu walikuwa wamezuiwa nyuma ya dirisha la wavu, na yeye amekaa kwenye kiti mwisho wa ua. Mimi, kwa mazoea, nikaweka kiti changu mbali naye. Akaniangalia.

"Wewe uko na mimba?"

"Mama!"

"Unanyonyesha? Basi unakimbia nini? Leta kiti."

Nilikileta hadi mikono ya viti ikagusana. Akaweka kichwa chake begani kwangu, kizito. Nyuma ya wavu mjukuu mdogo kabisa, ambaye hakuwa ameondoa macho yake kwetu, aliita:

"Nkambo! Ungali unawaka?"

"Ningali!" akajibu.

Mtoto akangoja kidogo, akihesabu kwa vidole jinsi watoto wanavyohesabu.

"Na sasa?"

"Ningali nawaka!"

Akauliza tena, na tena, hadi mama yake akamwita kula bukari. Alijibiwa kila mara.